Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mikorosho ya babu haikuachwa porini kwa amri ya Mjerumani

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Historia. Nilishika chaki mwaka 1980, nikaiweka chini 2016, na miaka yote hiyo sikutoka kusini: nilianzia Lindi, nikaenda Tunduru, nikaenda Masasi, nikamalizia Newala nilikozaliwa, ndiko ninakoandikia barua hii. Sina chama ninachokitumikia wala cheo ninachokitafuta. Nina jambo moja tu kuhusu namna tunavyowafundisha watoto wetu historia ya nchi yao, na nimelibeba siku nyingi.

Lilianza na karatasi ya mtihani. Mwaka 1994 nilikuwa nasahihisha mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Swali lilikuwa lile ambalo kila mwalimu wa Historia analijua: taja na ueleze sababu sita zilizofanya nchi za Afrika zikwame baada ya kupata uhuru. Mwongozo wa kusahihishia nilikuwa nao mezani. Uchumi wa kutegemea zao moja. Mipaka ya Mkutano wa Berlin, ule ambao Wazungu walijigawia Afrika. Ukosefu wa wasomi. Ukabila uliopaliliwa na wagawe uwatawale. Madeni. Ukoloni mamboleo. Kijana mmoja alizileta hoja nne kama nilivyomfundisha, neno kwa neno. Ya tano akaitoa kwao. Kwa Kiingereza cha kuungaunga aliandika kwamba babu yake alikuwa na mikorosho karibu mia mbili, ikaja amri ya kuhamia kijijini, babu akahamishwa, mikorosho ikamezwa na pori, na tangu siku hiyo nyumbani kwao haikuonekana tena fedha ya kununulia hata bati moja.

Nikapiga mstari mwekundu. Pembeni nikaandika: nje ya swali. Hoja ile akapata sifuri.

Mheshimiwa, mwaka 1974 nilikuwa na miaka 18. Baba yangu naye alihamishwa. Mlango wa nyumba yetu niliubeba mimi kichwani, maana mlango wa mninga hauachwi, na mama alitangulia na kuku wawili ndani ya tenga. Mikorosho yetu ilibaki mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Mwaka wa kwanza tulikwenda kuokota. Mwaka wa pili tulikwenda tukakuta hapajafyekwa, nyasi zimefika kiunoni, korosho zimeanguka hazionekani. Mwaka wa tatu moto wa pori ukatutangulia. Basi nilipopiga ule mstari mwekundu nilikuwa najua vizuri kabisa kwamba mtoto anasema kweli. Nilimnyima maksi kwa sababu ukweli wake haukuwemo kwenye mwongozo, na kwa sababu niliogopa. Hilo la kuogopa nitalirudia.

Naomba nisieleweke vibaya. Siandiki kumtetea mkoloni. Mtu wa kusini hawezi kufanya hivyo akaenda kulala.

Mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu na Mjerumani. Walikuwa wameshatozwa kodi ya kibanda tangu 1898, wameshachapwa viboko na maakida, na maji ya mganga Kinjikitile, yaliyoaminiwa kuzuia risasi, yalikuwa yameshasambaa kutoka Ngarambe. Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wapogoro, Wangoni na wengine wakasimama katika Vita vya Maji Maji. Mjerumani alipoona risasi hazitoshi akageukia chakula. Alichoma maghala, akateketeza mazao yakiwa bado shambani, akazuia watu kupanda. Maofisa wake wenyewe waliandika kwamba njaa ndiyo itakayowamaliza waasi. Ikawamaliza. Serikali ya Ujerumani ilikiri vifo 75,000, na wanahistoria waliokuja baadaye wamefika hadi 300,000. Wengi wao hawakufa kwa bunduki. Walikufa wakichimba mizizi.

Kila Februari 27 Songea huwakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906, na Novemba 1, 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama pale pale akaomba msamaha kwa niaba ya taifa lake. Ilichukua miaka zaidi ya 115. Lakini sherehe zikiisha na magari yakiondoka, liko swali la mwalimu ambalo bado halijajibiwa darasani: je, vita vile vina uhusiano gani na umaskini wa Liwale ya leo? Upo, na unaonekana kwa macho. Vijiji vilikufa, mashamba yakarudi kuwa vichaka, ndorobo na tembo wakachukua nafasi ya watu, na sehemu kubwa ya nchi ile baadaye ikaingizwa kwenye Pori la Akiba la Selous. Mtalii akipita anaona mbuga iliyokuwepo tangu kuumbwa kwa dunia. Mtoto wa Kingindo anapaswa kujua kwamba sehemu ya mbuga hiyo ni mahame ya babu zake.

Mwingereza alipokabidhiwa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliikuta kusini hivyo, akaiona ni ghala la vibarua. Mkonge ulikuwa Tanga, mikono ikatoka kwetu. Kuanzia 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, SILABU, na Wamakonde, Wayao na Wangoni wakasombwa kwa malori na meli kwenda kukata majani yenye miiba. Tuliwaita manamba, kwa sababu mtu alipewa namba na namba ndiyo ikawa jina lake. Mjomba wangu mkubwa alikuwa manamba. Alirudi 1959 na blanketi moja, redio isiyo na betri, na vidole viwili vimelemaa. Huyo ndiye ukoloni ninayemfahamu mimi. Ana sura, ana mkono wa kushoto usiokunja.

Halafu ikaja karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na watu wa London wakaamua kwamba Tanganyika itawalimia karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Sehemu zilizochaguliwa zilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza 1947. Walileta matrekta yaliyotengenezwa kwa vifaru vya vita. Kongwa udongo ulikauka ukawa kama saruji, mvua haikuja, visiki vya mibuyu vikavunja mashine. Hakuna mzee wa Kigogo aliyeulizwa kama mvua ya pale inatosha. Mwaka 1951 mradi ulikufa, paundi za Kiingereza zaidi ya milioni 36 zikiwa zimezikwa ardhini. Kusini tukabaki na vitu viwili vya maana: bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, na reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, iliyokuja kuwa na tawi la Masasi.

Hapa, Mheshimiwa, ndipo ninapoomba uniazime sikio, kwa sababu reli hii ndiyo mfano wangu wa kufundishia.

Desemba 9, 1961 tukapata uhuru. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walikaa miaka 43 wakatuachia wahandisi 2 na madaktari 12. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama hesabu hiyo ni ya mkoa. Nikamwambia ni ya nchi nzima, kwa watu wapatao milioni 10. Darasa lilikaa kimya. Hakuna serikali duniani, iwe ya malaika, ambayo ingeendesha nchi kwa watu hao bila kuyumba. Hiyo ni hoja ya ukoloni iliyo safi kabisa, na mtoto akiitoa apewe maksi zote.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 60, bendera yetu ikiwa juu, reli ya Mtwara ilifungwa na ikang'olewa. Tulipokuwa wadogo tulilisikia jambo hilo kwa wazee kama mtu anavyosikia habari za msiba. Nani mwenye kosa? Ukimuuliza mwanafunzi aliyekariri, atasema ukoloni, kwa sababu mkoloni aliijenga kwa ajili ya karanga ambazo hazikuota, hivyo ilikuwa ikienda kwa hasara. Ni kweli. Ila mwingine atakuuliza: mbona korosho zilikuwa zinapanda kila mwaka? Miaka kumi baada ya reli kung'olewa kusini ilikuwa inatoa korosho kuliko wakati wowote uliotangulia, nazo zikibebwa na malori juu ya udongo mwekundu, na masika yakifika malori yanakwama. Daraja la Mto Rufiji, linalotuunganisha na Dar es Salaam kwa barabara, lilifunguliwa 2003, na limepewa jina la Rais Mkapa, mtoto wa Masasi. Kutoka uhuru hadi daraja ni miaka 42. Mwingereza alitutawala miaka 43.

Niliwahi kuliweka swali la reli mbele ya darasa la kidato cha tatu bila kuwapa jibu. Walibishana vipindi viwili, na kengele ya kwenda kula ugali ikapigwa wasiondoke. Sijapata kuona hivyo kwenye somo la mipaka ya Berlin.

Nije kwenye korosho zenyewe, maana ndiyo kisa cha yule kijana. Mkorosho asili yake ni Brazili, aliuleta Mreno kwenye pwani hii karne nyingi zilizopita. Kwa hiyo hata mti tunaojivunia ulipita mikononi mwa mgeni. Lakini kulima, kupalilia, kufyeka, kuokota na kuanika ni sisi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilitoa tani 145,000, ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa dunia. Msimu wa 1986/87 zilikuwa tani zisizofika 17,000. Mheshimiwa, soma tena tarakimu hizo mbili. Kati yake iko miaka 13. Hakuna vita vilivyopigwa Newala. Hakuna mzungu aliyekuja kuchoma ghala.

Kilichotokea kina majina. Kwanza ni Operesheni Vijiji, ile amri ya serikali ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ambayo nimeshasema jinsi ilivyopita mlangoni kwetu. Nia yake sikuidharau hata siku ile nilipobeba mlango: zahanati, shule, kisima cha pamoja. Shule ikaja kweli, na mimi ni zao lake. Ila aliyepanga kijiji kwenye ramani hakuhesabu umbali wa mtu na mti wake. Mkorosho si mhogo. Huwezi kuuhamisha, na usipoufyekea unazaa majani.

Pili, bei ilipangwa ofisini. Mamlaka ya serikali ndiyo iliyonunua, na mkulima alilipwa fedha ambayo mwaka hadi mwaka ilikuwa inanunua sabuni pungufu. Wazee wakaacha kuokota. Baba yangu alisema ni afadhali mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaishie kwenye pombe ya uraka kuliko korosho ziende kwenye mzani ule. Tatu, mwaka 1976 vyama vya ushirika vilifutwa. Vyama vile vilikuwa vya wakulima wenyewe, vina vitabu, vina mikutano, vina ugomvi wa hesabu ambao ni afya. Vikafutwa kwa tamko, na majengo yakachukuliwa.

Nne, ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua. Huo haukuletwa na mkoloni wala na chama. Lakini ulikuta mikorosho haijafyekwa, wenyewe wako mbali na hawana fedha ya dawa ya salfa, ukala utakavyo.

Na tano ni viwanda, ambavyo vinaniuma kuliko vyote. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya nchi rafiki tulijengewa viwanda kama 12 vya kubangua, Newala, Masasi, Mtama, Lindi, Tunduru na kwingineko, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vilikamilika korosho zikiwa zimekwisha. Vingi havikupata kuzalisha kwa maana ya kuzalisha. Deni tukalipa. Baadaye majengo kadhaa yakageuzwa maghala ya kuhifadhi korosho ghafi zinazosubiri kupelekwa India na Vietnam kubanguliwa huko. Kiwanda kimekuwa ghala la malighafi! Niliwahi kuwapeleka wanafunzi kwenye kimojawapo. Mashine zilikuwa bado na rangi yake ya kiwandani. Binti mmoja alipitisha kidole kwenye vumbi la mkanda wa kupitishia korosho, akatazama kidole, akaniuliza: mwalimu, huu nao ni ukoloni?

Sikumjibu haraka. Kusafirisha zao ghafi na kununua lililosindikwa ni mtindo tuliorithi, hilo halina ubishi. Aliyekopesha alikuwa na haraka yake, na hasara hakuibeba. Mafuta yalipanda 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, tukaingia vitani na Idi Amin 1978. Na mkoloni alikuwa bado yuko ng'ambo ya Ruvuma: mpaka Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, mikoa ya kusini ilikuwa mstari wa mbele, wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, wakifanya mazoezi Nachingwea, kwenye nchi ile ile ya karanga, na baadhi ya vijiji vyetu vya mwanzo vilipangwa kwa kuhofia Wareno wanaovuka mto. Gharama hiyo tuliilipa kwa ajili ya ndugu zetu na sijutii hata shilingi yake. Yote hayo nilimwambia yule binti. Kisha nikamwambia kwamba amri ya kuhama, bei ya ofisini na kufutwa kwa ushirika viliandikwa na Watanzania, Dar es Salaam na Dodoma, kwa Kiswahili.

Jambo moja zaidi, ambalo wazee wengi wanalijua na vitabu haviligusi. Namna ile ya kuamrisha tulijifunza wapi? Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alimpiga faini mkulima asiyelima mhogo wa njaa, na watu wa Uluguru alilazimisha matuta mpaka 1955 wakaasi. Baada ya uhuru ofisi ile ile, meza ile ile, ikakaliwa na mtu wetu, na kwenye droo akakuta sheria ndogo zile zile. Aliona ni za kufaa. Kwa hiyo hata makosa yetu mengine yana mwandiko wa mkoloni. Ila mwandiko unaweza kubadilishwa na anayeshika kalamu. Ndiyo maana naona swali la haki la mtihani ni kwa kiasi gani, na si taja sababu sita.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alilijibu hivyo. Mwaka 1984, akiwa bado Ikulu, alisema hadharani kwamba angepewa nafasi ya kuanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika, na kwamba katika hayo walikosa subira na walikosa ujuzi. Baba wa Taifa alisema hayo. Miaka kumi baadaye, mwalimu wa sekondari huku Masasi aliogopa kumpa kijana maksi mbili kwa kusema jambo lile lile.

Niseme wazi kuhusu woga huo, kwa sababu wewe ndiye unayeweza kuuondoa. Hakuna waraka uliowahi kunikataza. Lakini miaka ya mwanzo wa kazi, katika shule moja ambayo sitaitaja, nilizungumzia darasani habari za watu waliohamishwa. Nikaitwa ofisini. Nikaulizwa kwa upole kama nina shida na serikali, na kama nimesahau nani ananilipa. Ni upole ule ulionitia hofu. Tangu hapo nikajifunza kwamba mkoloni ni wa salama. Mkoloni hakuiti ofisini. Ukimtupia yeye kila kitu, siku inaisha vizuri. Nina hakika walimu wengi wameishi hivyo, na vizazi vya wanafunzi wamepita mikononi mwetu wakiamini kwamba historia ya kosa iliishia 1961.

Matunda yake nayaona kijiweni kwa muuza kahawa hapa Newala. Liko kundi la vijana ambao kila kitu kwao ni beberu, hata transfoma ikiungua. Liko kundi la pili, na hili linanitisha zaidi, linalosema waziwazi kwamba bora Mzungu angebaki. Nimelisikia neno hilo kutoka kwa kijana mwenye shahada. Nilitetemeka, Mheshimiwa. Mjukuu wa manamba, anazungumza hivyo akiwa anakunywa kahawa chungu! Lakini nikijiuliza nani alimfundisha, jibu ni mimi. Nilimpa maelezo ambayo yanaisha kabla hajazaliwa baba yake. Alipokua akaona mwaka 2018 korosho zinasusiwa bei mnadani, jeshi linatumwa kuzisomba, serikali inaahidi shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengine wanasubiri malipo mpaka msimu mwingine, hakuwa na pa kuliweka jambo hilo. Maelezo ya ukoloni hayakutosha, akayatupa yote, pamoja na Maji Maji na mjomba wangu ndani yake.

Mtoto anayejifunza kupima hatayatupa. Atajua kwamba nchi hazifanani. Atazame jirani zetu wa Kongo, ambao wengi wao mashariki wanasema lugha hii hii. Ubelgiji iliondoka Juni 30, 1960 ikiwa imewaachia wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30 na jeshi lisilo na ofisa hata mmoja Mkongo. Ndani ya wiki moja jeshi likaasi, siku chache baadaye jimbo la Katanga likajitenga kwa msaada wa Wabelgiji wenyewe, na Januari 17, 1961 Lumumba, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza, akauawa, mkono wa Ubelgiji ukiwemo mpaka ikabidi iombe radhi 2002. Katika miezi ile saba ya kwanza, mizani inaegemea upande mmoja karibu kabisa. Lakini miaka 32 ya utawala wa Mobutu inahitaji kupimwa tena, kwa uzito mwingine, ingawa mataifa ya nje yalimshika mkono. Mwanafunzi wa Bukavu na wa Newala wangeweza kuandikiana barua juu ya hilo, kwa Kiswahili, wakaelewana.

Na Kiswahili ndicho kilichonipa moyo wa kuandika. Nimefurahi mno kuona somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa lugha ya nyumbani. Yule kijana wa 1994 alihangaika kumtafutia babu yake maneno ya Kiingereza. Leo mjukuu anaweza kumnukuu babu jinsi alivyosema. Sasa tusimpe lugha halafu tukamnyima la kusema.

Ninachoomba ni hiki. Miaka kutoka 1961 hadi 1985 ipewe uzito kwenye muhtasari kama ule uliopewa Mkutano wa Berlin, pamoja na yaliyofanikiwa, maana ni mengi: tulipata uhuru wengi wetu hatujui kusoma, na Mwalimu anatoka madarakani watu tisa katika kumi wanasoma. Mtoto ajue vyote viwili. Miongozo ya kusahihishia iseme kwa maandishi kwamba ushahidi kutoka mahali anapoishi mwanafunzi, ukiwa na mwaka, mahali na msimulizi, unastahili maksi. Na utoke waraka wenye saini yako, mfupi tu, unaomwambia mwalimu kwamba kufundisha makosa ya serikali zilizopita, kwa ushahidi, ni sehemu ya kazi yake. Mwalimu aubandike ukutani. Siku akiitwa ofisini, auonyeshe.

La mwisho ni la haraka kuliko yote. Vitabu vya vyama vya msingi vya ushirika vya miaka ya 60 na 70, vyenye majina ya wakulima, kilo na malipo, vinaliwa na mchwa kwenye maghala ya huku kwetu. Nimeviona kwa macho, vingine vikifungiwa karanga sokoni. Wizara ikiwapa wanafunzi wa kidato cha tatu likizo moja wavinakili na kuzipiga picha kurasa zake, tutaokoa ushahidi ambao hakuna nyaraka za Berlin wala London zilizonao.

Mimi kwa upande wangu nina madaftari 11. Tangu nistaafu nimezunguka Newala, Tandahimba na Masasi nikiwaandika wazee waliohamishwa, waliokuwa manamba, na wawili waliofanya kazi kwenye reli ya karanga, mmoja akiwa mfunga mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli. Mzee huyo alinipeleka mpaka palipokuwa na tuta la reli, karibu na mikorosho ya mwanawe, akaparua majani kwa fimbo, kokoto zikatokea. Akanionyesha alipofunga taruma kwa mikono yake, na akanionyesha alipolifungua. Amefariki mwaka jana. Wengine kumi na wanne kati ya niliowaandika nao hawapo tena.

Yule kijana wa 1994 nimemtafuta. Sasa ni mtu mzima, analima korosho na ana mtoto kidato cha pili. Nilimwomba radhi kwa ule mstari mwekundu. Alikuwa ameshausahau, akanikaribisha chakula, kisha akaniuliza kama kwenye madaftari yangu kuna jina la babu yake. Halimo. Babu alifariki kabla sijaanza.

Madaftari yako tayari. Ukiniagiza niyalete Dodoma nitayaleta mwenyewe, kwa nauli yangu.

Wako katika kazi ya elimu,

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Newala, Mtwara.